Nani Atasoma Karatasi za Kalasinga?

Kiswahili kina desturi ya kuwapa watu jina kabla ya kuwafahamu. Mwanamume mwenye asili ya Bara Hindi anayefunga kilemba na kufuga ndevu tunamwita Kalasinga. Huku Tanzania wengi humwita pia Singasinga. Masimulizi yanayojulikana zaidi husema kwamba neno la kwanza lilitokana na Kala Singh, mfanyabiashara mmoja wa zama za mwanzo nchini Kenya, ambaye jina lake binafsi liligeuka kuwa jina la jamii nzima. Singh maana yake ni simba. Tangu kuasisiwa kwa Khalsa mwaka 1699, yaani jumuiya ya waumini walioapishwa, limekuwa jina la wanaume wa dini ya Usikh, kama Kaur lilivyo jina la wanawake wao. Abdulrazak Gurnah alimwita Kalasinga mhusika mmoja wa riwaya yake Paradise ya mwaka 1994, ambayo leo tunaisoma kwa Kiswahili kwa jina la Peponi. Jina basi tunalo, na katika fasihi limo. Tulichokikosa ni uwezo wa kusoma yale ambayo watu hao waliyaandika wenyewe, kwa lugha yao.

Makala haya yanahusu vitabu vya rejea: kamusi, kamusi elezo, orodha za maandiko na hifadhi za nyaraka zinazomwezesha mtafiti kuifikia lugha ya Kipunjabi na historia ya Usikh. Msomaji wa Ngara au Biharamulo anaweza kuuliza kamusi ya Kipunjabi inamhusu nini mtu aishiye kati ya mto Ruvubu na ziwa Burigi. Inamhusu kwa sababu mbili. Kwanza, sehemu ya historia ya Afrika Mashariki, ikiwemo historia ya wafanyakazi ambayo wanaharakati wetu hupenda kuirejea, imeandikwa katika lugha hiyo. Pili, Wapunjabi wametangulia katika njia ambayo Wahangaza, Wasubi na Wazinza bado hawajaikamilisha. Walianza wakiwa watu wanaoandikwa na wengine, wakafika mahali pa kujitengenezea vitabu vya kujirejelea. Anayetaka kujua kwa nini tasnifu nyingi kuhusu wilaya zetu zinafanana, na kwa nini zote hunukuu maofisa wa kikoloni walewale, ana cha kujifunza kwao.

Tuanze na tarakimu ambazo kila mwanafunzi wa historia amezisikia. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwishoni mwa mwaka 1901. Taarifa za serikali ya Uingereza zinahesabu wafanyakazi 31,983 walioletwa kwa mkataba kutoka Bara Hindi, wengi wao wakitoka Punjab. Kati yao 2,493 walikufa, 6,454 walirudishwa kwa maradhi au ulemavu, 16,312 walirejea kwao mikataba ilipokwisha, na 6,724 walibaki. Ukizijumlisha hesabu hizo, hakuna anayepungua hata mmoja. Mhasibu alifanya kazi yake vizuri. Lakini hesabu hiyo iliandikwa ili kujua gharama za mkataba, na kwa hiyo haitwambii mtu alikuwa nani, alitoka kijiji gani, alikopa kwa nani nauli ya kufika bandarini Karachi, wala aliwaandikia nini wazazi wake.

Hata neno linalowataja lina kasoro. Faili la Kiingereza linawaita wote makuli, na Kiswahili kililipokea neno hilo, likabaki hadi leo kwa wapakuzi wa bandarini. Katika Kipunjabi, hata hivyo, seremala, mhunzi au mwashi mwenye ujuzi huitwa mistri, na mistri si kuli. Neno hilo lina heshima ya ufundi, uanagenzi na ukoo. Mafundi wengi wa Kisikh waliokuja Afrika Mashariki walikuwa wa jamii ya Ramgarhia, jamii ya maseremala na wahunzi, na ndiyo maana Kalasinga katika fikra za Waswahili ni fundi: mtu wa karakana, wa kiwanda cha mbao, wa kuunda bodi la lori. Mtafiti asomaye faili la Kiingereza pekee atauona umati wa vibarua. Anayelijua neno mistri ataona daraja la mafundi walioleta ujuzi wao, wakaupandisha bei, na baadaye wakaanza kudai haki kama mafundi. Hizo ni historia mbili tofauti, na tofauti yake imetokana na kidahizo kimoja cha kamusi.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na Kagera. Mwezi Novemba 1914, askari wa kikosi cha 29 cha Wapunjabi na askari wa dola ndogo ya Kapurthala walipigana na Wajerumani huko Longido. Wahandisi wa kijeshi kutoka Faridkot, dola nyingine ya Punjab iliyotawaliwa na ukoo wa Kisikh, nao waliletwa Afrika Mashariki mwaka huohuo. Mwezi Juni 1915 jeshi la Waingereza lilivuka ziwa kutoka Kisumu na kuishambulia Bukoba, likiwa na mizinga ya mlimani ya jeshi la India. Mwaka uliofuata majeshi ya Wabelgiji yaliingia kutoka Rwanda na Burundi, yakapita katika nchi yetu ya Ngara na Biharamulo, na mwezi Septemba 1916 yakaiteka Tabora. Kwa hiyo vita hivyohivyo, katika mkoa uleule, vimeacha kumbukumbu zake London, Brussels na Berlin. Vimeacha kumbukumbu nyingine pia, ambazo ni vigumu mwanafunzi wa Kagera kuzidhania, mjini Lahore.

Baada ya vita, serikali ya Punjab iliandikisha kijiji kwa kijiji wanaume waliokwenda vitani. Madaftari hayo, yenye kumbukumbu za takribani askari 320,000, yalikaa katika Jumba la Makumbusho la Lahore karibu karne nzima bila kutumiwa na watafiti. Mwaka 2021 sehemu yake ilianza kuwekwa kwenye intaneti, kwa ushirikiano wa chama cha urithi wa Wapunjabi waishio Uingereza na Chuo Kikuu cha Greenwich. Mjukuu aliyeko Birmingham au Jalandhar anaweza kuanzia kwenye jina la kijiji na kumtafuta babu yake aliyepigana Afrika Mashariki. Nawaomba wanafunzi wangu wautafakari mfano huu kwa makini. Wapagazi wa Kiafrika waliokufa katika vita hivyo, wakiwemo waliochukuliwa kutoka wilaya zetu, walikuwa wengi kuliko askari waliokufa, na hawana daftari la kijiji kwa kijiji. Tofauti kati ya babu anayetafutika na babu aliyepotea ni daftari, pamoja na watu wa kizazi cha baadaye walioona kuwa daftari hilo linafaa kufunguliwa.

Mfano wa tatu ndio unaowagusa zaidi wanaharakati. Makhan Singh alizaliwa mwaka 1913 katika wilaya ya Gujranwala, Punjab, akafika Nairobi mwaka 1927. Baba yake, fundi seremala aliyewahi kufanya kazi reli, alikuja kuwa na kiwanda cha uchapaji, na kijana huyo alifanya kazi humo. Mwaka 1935 ulianzishwa Muungano wa Wafanyakazi wa Kenya, naye akawa katibu wake. Mwaka 1949 yeye na Fred Kubai waliasisi Kongamano la Vyama vya Wafanyakazi la Afrika Mashariki. Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, Nairobi, alitaka hadharani makoloni ya Afrika Mashariki yapewe uhuru kamili mara moja. Mwezi uliofuata alikamatwa, na hakuachiwa hadi Oktoba 1961. Hakuna kiongozi wa siasa wa Kenya aliyewekwa kizuizini na wakoloni kwa muda mrefu kuliko yeye. Alifariki mwaka 1973, baada ya kuchapisha mwaka 1969 historia ya vyama vya wafanyakazi vya Kenya hadi mwaka 1952.

Sasa tuangalie vyanzo vyake. Chama chake kilichapisha vipeperushi kwa lugha kadhaa, zikiwemo Kipunjabi, Kigujarati, Kiurdu, Kiswahili na Kiingereza, kwa sababu ndivyo wafanyakazi wa Nairobi walivyozungumza. Yeye mwenyewe alitunga mashairi kwa Kipunjabi. Karatasi zake zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwandishi Zarina Patel ameandika maisha yake katika kitabu Unquiet cha mwaka 2006. Lakini mwanahistoria wa Afrika Mashariki anayefungua majalada ya namna hiyo huanza na Kiingereza, huendelea na Kiswahili, na akifika kwenye karatasi zenye herufi za Gurmukhi huzigeuza na kupita. Anachokipita ni lugha ambayo fundi alimwambia fundi mwenzake kwa nini wagome. Lugha ya kuzungumza na mwajiri ilikuwa nyingine. Hoja zilizoandikwa kwa Kiingereza zililenga masikio ya serikali. Zilizoandikwa kwa Kipunjabi zilipaswa kumshawishi mtu mwenye deni, mke, na mkataba wa kazi. Mwanafunzi anayesoma upande mmoja tu atadhani harakati za wafanyakazi ziliendeshwa kwa barua za malalamiko kwa Gavana.

Kwa mtu anayetaka kuzisoma karatasi hizo, vifaa vipo, na namna vilivyopatikana ni historia yenyewe. Kamusi ya kwanza kubwa ya Kipunjabi kwa Kiingereza ilichapwa na wamisionari wa Kimarekani huko Ludhiana mwaka 1854, miaka mitano tu baada ya Waingereza kuiteka Punjab. Iliandaliwa kwa ajili ya kuhubiri. Mwaka 1895 ikatoka kamusi ya Bhai Maya Singh, Mpunjabi, ingawa nayo iliandaliwa kwa msaada wa serikali iliyohitaji maofisa wake waijue lugha ya raia. Mwaka 1916 George Grierson, katika uchunguzi wake mkubwa wa lugha za India, alikipa Kipunjabi nafasi yake na kueleza lahaja zake. Hadi hapo Kipunjabi kilikuwa lugha inayoelezwa kwa faida ya mgeni: mhubiri, hakimu, mkusanya kodi. Msomaji wa Tanzania ataitambua hali hiyo, kwa kuwa kamusi na sarufi za kwanza za lugha zetu nyingi zilizaliwa katika nyumba za misheni na ofisi za bomani.

Kisha mambo yakabadilika. Mwaka 1930 ilichapishwa kamusi elezo ya Bhai Kahn Singh wa Nabha, inayojulikana kwa kifupi kama Mahan Kosh. Aliandika kwa Kipunjabi, akiwaeleza Wapunjabi istilahi za maandiko yao, watu wao, miji yao, ala zao za muziki na desturi zao. Hakumtungia mgeni. Baada ya India kugawanywa mwaka 1947, na Punjab yenyewe kukatwa vipande viwili, Wapunjabi wa upande wa India walianzisha Chuo Kikuu cha Punjabi mjini Patiala mwaka 1962, na Chuo Kikuu cha Guru Nanak Dev mjini Amritsar mwaka 1969. Patiala ndiko ilikotolewa kamusi elezo ya Usikh yenye juzuu nne, chini ya uhariri wa Harbans Singh, kati ya mwaka 1992 na 1998. Ukiongeza historia ya Masikh ya Khushwant Singh yenye juzuu mbili, mtafiti anakuwa na rafu ya kuanzia: neno, jina, tukio na muktadha.

Mtafiti huyo hana budi kujua jambo moja zaidi: Kipunjabi kina hati mbili. Masikh, na Wapunjabi wa India kwa jumla, hutumia Gurmukhi, hati ya Guru Granth Sahib, kitabu chao kitakatifu ambacho mkusanyiko wake wa kwanza ulikamilika mwaka 1604. Wapunjabi wa Pakistani hutumia Shahmukhi, ambayo ni herufi za Kiarabu kwa namna ya Kiajemi. Sisi Waswahili hatupaswi kulistaajabia hilo. Lugha yetu nayo iliandikwa kwa herufi za Kiarabu karne nyingi kabla ya kuandikwa kwa herufi za Kilatini, na leo mhitimu wa Kiswahili asiyezijua herufi hizo hawezi kusoma barua ya mfanyabiashara wa Pangani ya mwaka 1880. Gurmukhi ni hati yenye utaratibu ulio wazi. Mwanafunzi mwenye nia anaweza kuitambua herufi kwa herufi kwa majuma machache, kisha akaendelea kwa msaada wa kamusi.

Rafu hiyo haikusalimika wakati wote. Mwezi Juni 1984, jeshi la India liliposhambulia eneo la Hekalu la Dhahabu huko Amritsar, Maktaba ya Rejea ya Kisikh iliyokuwa humo ilitoweka pamoja na miswada yake ya mkono. Hadi leo wahusika wanabishana kuhusu kipi kiliungua na kipi kilichukuliwa na jeshi. Bila kujali nani ana haki katika ubishi huo, funzo lake ni moja: nakala ya pekee katika jengo moja ni nakala iliyo safarini kuelekea kupotea. Kwa hiyo haishangazi kwamba Maktaba ya Kidijitali ya Punjab, iliyoanza kazi mwaka 2003, ilishika kazi ya kupiga picha miswada, magazeti na nyaraka za kale na kuziweka mahali ambapo moto wa jengo moja hauzifikii.

Kwa upande wa Afrika Mashariki, mtafiti anapaswa kuanzia kwa J. S. Mangat, ambaye historia yake ya Waasia wa Afrika Mashariki ya mwaka 1969 bado haijachakaa, na kwa Robert Gregory aliyeandika kwa mapana zaidi juu ya uchumi na jamii zao. Cynthia Salvadori alikusanya masimulizi ya familia nchini Kenya, na kazi yake We Came in Dhows ya mwaka 1996 ina sauti ambazo hazimo katika faili lolote. Kisha kuna waliohama mara mbili. Baada ya uhuru wa nchi zetu, na hasa baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia wa Uganda mwaka 1972, familia nyingi za Kisikh zilihamia Uingereza. Parminder Bhachu aliwaandikia kitabu mwaka 1985, Twice Migrants. Hao walibeba Kiswahili mdomoni: mpaka leo katika migahawa ya Waasia jijini London muhogo huuzwa kwa jina la mogo. Kumbukumbu za Afrika Mashariki zimo katika masanduku ya nyumba za Southall, na nyingine zimo katika vitabu vya mahesabu na kumbukumbu za vikao vya mahekalu ya Kisikh, kuanzia Makindu hadi Dar es Salaam.

Sasa nirudi nyumbani. Mwanafunzi anayetaka kuandika historia ya Ngara au Biharamulo ana rafu gani? Ana taarifa za Wajerumani, waliojenga boma Biharamulo. Ana nyaraka za Wabelgiji, waliokalia eneo hilo baada ya mwaka 1916. Ana vitabu vya wilaya vya Waingereza katika Nyaraka za Taifa. Ana mkusanyiko wa Hans Cory, mtaalamu wa jamii wa serikali ya kikoloni, katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kuhusu Wazinza ana kitabu cha Svein Bjerke cha mwaka 1981 juu ya dini na imani ya Bachwezi. Ni kazi zenye thamani na sizidharau. Lakini ziangalie kwa pamoja: Kijerumani, Kifaransa, Kiingereza. Karibu kila mtu ameandika juu ya Mhangaza, Msubi na Mzinza isipokuwa wenyewe, na katika kila lugha isipokuwa zao.

Madhara yake si ya kinadharia. Mkoa wa Kagera unalijua neno nyarubanja, mfumo wa umiliki wa ardhi wa Buhaya uliofutwa kwa sheria katika miaka ya 1960. Maofisa wa kikoloni waliufasiri kwa maneno ya historia ya Ulaya, kana kwamba Bukoba ilikuwa Ufaransa ya karne ya 12, na fasiri hiyo ikaingia katika mashauri na sera. Katika Bugufi, nchi iliyokuwa chini ya ufalme wa Burundi kabla ya mipaka ya wakoloni kuiacha upande wa Tanganyika, maneno ya mahusiano ya ng'ombe, ardhi na utii hayaeleweki bila Kirundi, kwa kuwa Kihangaza na Kirundi ni ndugu wa karibu sana. Kamusi ya Kirundi kwa Kifaransa ya Rodegem ya mwaka 1970 ni chombo cha lazima kwa mtafiti wa Ngara. Hata hivyo mtafiti huyo huandaliwa kana kwamba mpaka wa Tanzania ni mpaka wa lugha.

Si kwamba hakuna kilichofanyika. Mradi wa Lugha za Tanzania ulioanzishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2001 umechapisha misamiati ya lugha kadhaa, na mwaka 2009 ukatoa Atlasi ya Lugha za Tanzania. Henry Muzale ameandaa kamusi ya Kihaya. Jouni Maho na Bonny Sands waliorodhesha maandiko yote waliyoyapata juu ya lugha za nchi hii, na orodha yao inaonyesha wazi lugha ipi ina mengi na ipi ina kurasa chache tu. Huo ni msingi. Lakini msamiati wa kurasa mia mbili unaotoa neno na tafsiri yake bado si Mahan Kosh. Haumwambii msomaji jina la mlima lilitokana na nini, ukoo gani ulihamia lini, ngoma ipi ilipigwa kwa tukio gani, na mzee alimaanisha nini alipotumia neno ambalo vijana wamelisahau.

Muda wa kulifanya hilo haumsubiri mtu. Tazama jina la Benaco. Lilitokana na kampuni ya ujenzi ya Kiitaliano iliyokuwa na kambi yake pale wakati wa ujenzi wa barabara. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, takribani watu 250,000 walivuka kutoka Rwanda kupitia Rusumo ndani ya saa 24, na jina la kampuni ya barabara likawa jina la mojawapo ya kambi kubwa kabisa za wakimbizi duniani. Mwezi Desemba 1996 Wanyarwanda walirejeshwa kwao. Nyaraka za miaka hiyo ziko Geneva na katika makao makuu ya mashirika ya misaada, kwa Kiingereza na Kifaransa, zikihesabu mahema, magunia ya mahindi na wagonjwa wa kipindupindu. Zinafanana sana na hesabu ya reli: kila mtu amejumlishwa, hakuna aliyesikika. Mwanakijiji wa Ngara ambaye shamba na kuni zake zilikwisha kwa majuma machache, aliyewapokea watu anaoelewana nao kwa lugha, hayumo. Miaka mia moja ijayo mwanahistoria atafungua majalada ya Geneva na kudhani kwamba Ngara ilikuwa uwanja mtupu uliowekewa mahema.

Nina mambo matatu ya kupendekeza, kwa makundi matatu ninayojua yanasoma hapa.

Kwa wanafunzi: kabla ya kuandika sura ya kwanza ya tasnifu, jiulize watu unaowachunguza walisema lugha gani, na wewe unaisoma lugha gani. Kama lugha hizo ni tofauti, jifunze, au tafuta mshirika anayeijua na umtaje kwa heshima yake. Anayetaka kuandika juu ya vyama vya wafanyakazi vya Afrika Mashariki na ajifunze Gurmukhi. Anayetaka kuandika juu ya Bugufi na asome Kirundi. Vyuo vyetu vinaweza kutoa mafunzo ya hati na lugha za vyanzo kama sehemu ya mbinu za utafiti. Kwa sasa tunafundisha namna ya kuandaa hojaji, lakini hatufundishi namna ya kusoma barua.

Kwa watumishi wa umma: Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka Namba 3 ya mwaka 2002 inaeleza namna kumbukumbu za serikali zinavyopaswa kutunzwa, kuhamishwa na, baada ya miaka 30, kufunguliwa kwa umma. Faili lililoko masjala ya halmashauri si takataka ya kupisha samani mpya. Nyaraka za mwaka 1994 zimekwisha kupita muda huo. Mtendaji wa kata anayetunza daftari la kijiji anafanya kazi ileile iliyofanywa na karani wa Punjab mwaka 1919, na huenda mjukuu wa mtu akamshukuru.

Kwa wanaharakati: mnamnukuu Makhan Singh katika mabango yenu, nanyi mnafanya vema. Lakini harakati isiyohifadhi karatasi zake humwachia polisi kazi ya kuiandikia historia. Makhan Singh alitunza vipeperushi, mihtasari ya vikao na barua, na ndiyo maana aliweza kuandika kitabu chake mwenyewe badala ya kusubiri majalada ya waliomfunga. Tunzeni mihtasari yenu, katika lugha mliyojadiliana kwayo, na wekeni nakala zaidi ya moja, mahali zaidi ya pamoja.

Wapunjabi hawakupewa rafu yao. Wamisionari na watawala waliweka juu yake vitabu vya kwanza, kwa malengo yao. Wenyewe wakavisoma, wakavisahihisha, wakaandika vyao, wakapoteza vingine kwa moto na mtutu, wakaanza tena. Ngara na Biharamulo hazijapungukiwa na wazee wenye kumbukumbu, wala vijana waliosoma. Zimepungukiwa na kitabu ambacho kijana atakifungua, akakuta neno la bibi yake limeelezwa na mtu aliyelisikia kutoka kwa bibi yake. Mpaka kitabu hicho kiandikwe, mtu yeyote atakayetaka kutujua atalazimika kuwauliza waliotutawala.